Kahawa Ingali Ua: Butura, Ubongo na Ahadi Mkoani Kagera

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya msimu wa kahawa kufunguliwa, viongozi mkoani Kagera hurudia onyo moja: ni marufuku kununua kahawa kwa butura. Na kila mwaka butura inaendelea, Bukoba Vijijini, Muleba na wilaya jirani. Mkulima anauza kahawa ingali ua, au ikiwa kijani mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyekuja na noti mkononi. Msimu ukifika, aliyepalilia kibanja anachuma, na mwenye fedha anabeba.

Hasara ya butura haina ubishi. Kinachowachanganya watu ni kwamba anayeuza anaijua hasara hiyo, na bado mwaka unaofuata anauza tena. Maelezo ya jambo hili yamegawanyika katika makundi. Wapo wanaosema mkulima hana elimu. Wapo wanaosema ana shida, basi. Na siku hizi wapo wahamasishaji wa kubadili fikra wanaosema tatizo liko kichwani, kwamba ubongo wa mtu maskini umezoea vya leo na hauwezi kungoja vya kesho. Kundi hili la mwisho linazungumza kwa jina la sayansi. Sayansi ya ubongo na maamuzi ipo kweli, ina miaka mingi ya majaribio, na ina jambo la kutuambia kuhusu butura. Ila jambo lenyewe si lile linalohubiriwa ukumbini.

Hesabu yenyewe

Tuanze na fedha, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka matusi. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi wa butura anatoa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Januari, na Julai kilo hiyo inauzwa shilingi 3,000. Kwa hakika huu ni mkopo uliovaa nguo za biashara: mkulima amechukua 1,000 na baada ya miezi sita amelipa 3,000. Ukipiga riba juu ya riba, ni karibu asilimia 20 kwa mwezi. Linganisha na Julai 2021, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza hatua za kuwezesha mikopo ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka mzima.

Hata hivyo butura ina sura ya pili ambayo wanaoilaani huiruka. Pale makubaliano yanapokuwa ya matunda ya miti fulani, na si ya idadi maalumu ya madebe, mnunuzi anabeba pia hatari. Ua likipukutika kwa jua kali, hasara ni yake. Bei ikianguka, hasara ni yake. Na bei ya robusta huanguka kweli: mwanzoni mwa miaka ya 2000 tani moja kwenye soko la London ilishuka chini ya dola 500, na mwaka 2024 ikapita dola 5,000. Mtu aliyeko Kamachumu au Kanyigo hana namna ya kujua mwezi Januari ni upande gani wa mlima huo atakaoukuta Julai. Kwa hiyo butura ni mkopo na ni bima kwa pamoja, na vyote viwili vinauzwa ghali sana.

Mwezi wenyewe nao una maana yake. Shule hufunguliwa Januari. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016, na tangu 2022 kidato cha tano na sita vimeongezwa, lakini sare, viatu, madaftari, godoro na nauli ya mtoto wa bweni bado ni juu ya mzazi. Kahawa bado haijaiva. Fedha inatakiwa wiki hii.

Je, ni kutojua?

Hoja ya elimu ina kiini kidogo cha ukweli. Mkulima asiyejua bei ya mnada, au anayepimiwa kwa debe lililopondwa chini ili likae kilo zaidi, anapunjwa kwa sababu ya kutojua, na taarifa za bei kwa simu zinaweza kumsaidia. Lakini hoja hii haifiki mbali. Wahaya, wenyeji wa Buhaya, wameijua kahawa tangu kabla ya ukoloni, walipoichemsha na kuitafuna na kumkaribisha nayo mgeni. Anayeuza butura anajua jirani yake aliyengoja alipata kiasi gani mwaka jana, kwa sababu aliiona fedha hiyo ikijenga. Semina ya kumwambia kwamba butura ina hasara inamweleza asubuhi jambo alilolilalia usiku kucha.

Hoja ya mfuko

Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi Afrika katika masuala ya maisha ya kaya. Sababu ya kuanza ilikuwa ya huzuni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti wa zaidi ya kaya 900 kupima vifo vilivyofanya nini kwa waliobaki. Kaya hizo zilifuatiliwa tena mwaka 2004 na 2010. Data hizo zilionyesha, pamoja na mengine, kwamba kaya iliyopata pigo la mazao iliwaongezea watoto wake kazi, na kwamba kaya yenye mali ya kushikilia iliweza kulipunguza pigo hilo.

Utafiti unaogusa butura moja kwa moja ni mdogo zaidi. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alizihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, akiuliza kila mtu anamtegemea nani wakati wa shida. Baadaye yeye na Stefan Dercon walipima nini hutokea maradhi yakiingia nyumbani. Chakula cha kaya hakikuyumba sana, kwa maana ndugu, majirani na vyama vya kusaidiana vilikilinda. Matumizi yasiyo ya chakula ndiyo yaliyoyumba, na mtandao wa ndugu uliyaziba kwa sehemu tu.

Hapa pana ufunguo. Buhaya, mtu akilala njaa ni aibu ya ukoo mzima, na mkungu wa ndizi hutoka kibanja kimoja kwenda kingine bila karatasi. Fedha taslimu haisafiri hivyo. Januari kila kaya ina mtoto wa shule, na anayeombwa ana shida ile ile ya anayeomba. Bima ya ukoo inafanya kazi pale mapigo yanapopishana. Ikiwa wote wamepigwa siku moja, haina pa kukimbilia. Butura huingia kwenye pengo hilo hasa.

Je, mkopo nafuu ungeliziba? Huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliwafuatilia wakulima wa mahindi waliokuwa wakiuza wakati wa mavuno kwa bei ya chini na kununua tena wakati wa njaa kwa bei ya juu. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweka mahindi ghalani, wakauza baadaye na kupata faida iliyozidi gharama ya mkopo. Hawakupewa somo lolote la subira. Walipewa fedha, na subira ikaonekana.

Hoja ya mfuko basi ina nguvu nyingi, lakini haielezi kila kitu. Haielezi kwa nini mtu mwenye mbuzi wawili wa kuuza huchagua butura, wala kwa nini fedha ya Julai haifiki Januari hata katika mwaka wa bei nzuri. Kwa maswali hayo inabidi tuingie kichwani.

Hoja ya ubongo

Mwaka 1921 mwanauchumi Frank Knight alitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila siku. Kuna kubahatisha kwenye odds, yaani uwezekano wa kila tokeo, zinazojulikana, kama kurusha sarafu. Na kuna kutojua hata hizo odds zenyewe. Daniel Ellsberg alionyesha mwaka 1961 kwamba watu huikimbia hali ile ya pili hata pale hesabu isipowataka waikimbie. Mwaka 2005 Ming Hsu, Colin Camerer na wenzao waliwaweka watu ndani ya mashine ya MRI inayofuata mtiririko wa damu kichwani, wakawapa michezo ya aina zote mbili. Palipokuwa na kutojua odds, sehemu mbili ziliongeza kazi: amigdala, kifundo kidogo cha ndani kinachohusika na kuonya, na gamba la mbele lililo juu ya matundu ya macho. Wagonjwa walioumia gamba hilo hawakujali kama odds zilijulikana au la. Yaani kuogopa kisichopimika ni kazi ya ubongo mzima wenye afya. Asiyeogopa ndiye mwenye jeraha.

Kutojua pia kunachosha mwili. Mwaka 2016 Archy de Berker na wenzake wa London waliwafanyia watu 45 jaribio la kukisia kama chini ya jiwe kwenye kompyuta kuna nyoka. Nyoka akiwapo, mtu alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Walipima jasho na mboni za macho. Mfadhaiko ulikuwa mkubwa zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko pale mtu alipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ukilichukua hilo hadi kwenye kibanja, utaona bidhaa ya pili ambayo mkulima hununua kwa butura. Anauza kahawa ili sare na nauli zitoke, na papo hapo ananunua usingizi. Kuanzia siku hiyo mvua na bei za London ni mzigo wa mtu mwingine.

Halafu kuna suala la leo na kesho, ambalo wahamasishaji wanalipenda. Mwaka 2004 Samuel McClure na wenzake walidai kwamba kichwani kuna mifumo miwili, mmoja wa pupa unaoamka mbele ya malipo ya papo hapo, na mwingine wa utulivu unaopima ya mbali. Ni picha tamu, inayofanana na hadithi ya shetani na malaika mabegani. Ila mwaka 2007 Joseph Kable na Paul Glimcher walipima tena na kuona kwamba sehemu zile zile za ubongo hubeba thamani ya malipo ya leo na ya baadaye, kila mtu kwa kipimo chake. Ugomvi huo wa kitaalamu una uzito hapa nyumbani. Kama Glimcher yuko sahihi, mkulima hana mnyama wa pupa wa kufungwa kamba. Ana kipimo kimoja kinachopunguza thamani ya kesho kadiri kesho inavyokuwa mbali na isivyoaminika. Waswahili walikwishalisema hilo bila mashine: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Tatu ni uhaba wenyewe. Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao waliwapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno na baada yake. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili walipokuwa na dhiki, na vizuri zaidi walipokuwa na fedha. Matokeo hayo ya 2013 yalisambaa duniani kote. Yamepingwa pia: Leandro Carvalho na wenzake waliwapima Wamarekani kabla na baada ya siku ya mshahara, na hawakuona tofauti ya uwezo wa kufikiri. Walichoona ni kwamba kabla ya mshahara watu walivutwa zaidi na fedha ya papo hapo. Kwa hiyo kauli kwamba umaskini hupunguza akili haijathibitika, na afadhali isitumike ovyo. Kauli kwamba mfuko mtupu huivuta leo karibu zaidi ndiyo inayoungwa mkono na utafiti huo wa pili.

Mgomba unaonyauka

Jaribio zuri la hoja ya ubongo halihitaji maabara. Liko kwenye kibanja kile kile, hatua kumi kutoka kwenye mbuni.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini, wilayani Muleba, miaka mitano baada ya kuonekana Uganda. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na miche yenye ugonjwa, na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Ushauri uliotolewa kwanza ulikuwa mgumu: ukiona mgomba mmoja mgonjwa, ng'oa shina lote na migomba yake yote, ufukie. Wengi hawakung'oa. Waliuacha mgomba, wakangoja, wakitumaini wana wake watapona.

Tazama sasa. Katika kahawa, mkulima huyu anakimbia bahati na kushika kidogo cha hakika. Katika migomba, mkulima huyu huyu anakataa hasara ndogo ya hakika na kubahatisha hasara kubwa. Ukisema ni mwoga, migomba inakukatalia. Ukisema ni jasiri, kahawa inakukatalia. Hoja ya mfuko nayo inapata tabu hapa, maana kung'oa shina hakuhitaji mkopo.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameandika mwaka 1979 kwamba hivi ndivyo wanadamu walivyo. Mbele ya faida tunashika ya hakika, mbele ya hasara tunabahatisha, na shilingi iliyopotea inauma kuliko inavyofurahisha shilingi iliyopatikana. Jaribio lao lilirudiwa mwaka 2020 katika nchi 19, na kwa sehemu kubwa likasimama. Benedetto De Martino na wenzake walieleza mwaka 2010 habari ya wagonjwa wawili ambao amigdala zao ziliharibika. Maumivu hayo ya hasara yalikuwa yametoweka kwao. Ni watu wawili tu, lakini dalili yake inaelekea kule kule.

Nacho kilimo kilipata njia nyepesi bila kumlaumu mkulima. Watafiti wa migomba katika Maziwa Makuu walibaini kwamba bakteria huwa hawafiki katika wana wote wa shina. Ukikata chini kabisa mgomba ule tu ulioonyesha dalili, ukarudia kila unapouona mwingine, ukavunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kulipitisha panga motoni, ugonjwa unapungua. Kwa usafi wa haraka, kung'oa shina zima kuna nguvu zaidi. Kwa namna binadamu anavyoihisi hasara, kukata mmoja kunafanyika, na ushauri unaofuatwa nusu nusu una faida kuliko ushauri kamili usiofuatwa kabisa.

Mahali sayansi hii inapolegea

Yaliyosemwa yasichukuliwe kama kauli ya mwisho. Majaribio mengi ya MRI yamefanywa kwa watu wachache, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, kwa fedha ndogo ambazo zikipotea hakuna mtoto atakayebaki nyumbani. Russell Poldrack alionya mwaka 2006 kuhusu kosa la kuona sehemu fulani inafanya kazi na kutangaza kwamba mtu ana hofu au tamaa. Amigdala huamka kwa hofu, na pia kwa jambo jipya, na hata kwa jambo la furaha.

Kosa kubwa zaidi ni kugeuza matokeo hayo kuwa tabia ya kabila, rangi au tabaka. Lile jaribio maarufu la kumpa mtoto peremende au kitafunwa kitamu na kumwambia akingoja atapata mbili lilifanywa nchini Kamerun kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya wakulima wa Nso, na kwa watoto wa Ujerumani. Matokeo yalichapishwa na Bettina Lamm na wenzake. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walingoja. Wa Ujerumani waliongoja walikuwa asilimia 28. Anayesema Mwafrika kwa maumbile hawezi kungoja, na aanzie hapo.

Ahadi

Jaribio lingine la peremende linaonyesha kilichofichika. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, Marekani, waliwagawa watoto 28 katika makundi mawili. Kabla ya peremende, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja aliwaletea, kundi lingine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Baada ya hapo ndipo jaribio la kungoja likafanywa. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja 3. Dakika chache za kudanganywa zilitosha kumfundisha mtoto kula kilichopo.

Ubongo una njia ya kujifunza hivyo. Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani na kukuta kwamba hazipigi kelele kwa sababu ya utamu wenyewe. Hupiga kelele utamu unapozidi matarajio, na hunyamaza ghafla pale kilichotarajiwa kisipofika. Ule ukimya ni somo: wakati mwingine usitarajie sana. Naye Timothy Behrens na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba pale mazingira yanapobadilika mara kwa mara, ubongo huacha kutegemea ya zamani na kuyapa uzito yaliyotokea juzi. Ni busara, kwa sababu ramani ya zamani haifai tena.

Sasa soma historia ya kahawa Buhaya kwa macho ya ubongo huo. Mwaka 1937 wakulima walizipinga hadharani kanuni za kikoloni za kilimo cha kahawa. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikaanzishwa, kikakua. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vyote vya ushirika, kisha miaka michache baadaye vikarudishwa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulianguka. Mwaka 1990 ukaingia kwenye jina la chama kikuu cha Kagera, KCU (1990). Miaka michache baadaye wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Kuanzia msimu wa 2018 kahawa yote ikarudishwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na vyama vikuu, na malalamiko ya malipo kuchelewa yakafuata. Katika miaka ya karibuni mnada umesogezwa hadi Kagera kwenyewe, jambo jema. Mzee mmoja ameziona zote hizo, na kila badiliko lilikuja na ahadi: malipo ya awali leo, ya pili baadaye, na yale yaliyoitwa ya majaliwa, Mungu akijalia.

Mnunuzi wa butura hana ahadi. Ananyonya, ila noti anazihesabu mezani siku ile ile. Kwa ubongo uliofundishwa na malipo yaliyochelewa, huyo ndiye mfanyabiashara wa kuaminika zaidi kijijini. Hilo linapaswa kutuuma.

Kupima

Marufuku ina sababu ya haki. Ushirika hauna nguvu mnadani bila mzigo mkubwa, na kila debe linalokwenda butura linawapunguzia bei hata waliovumilia. Lakini butura ikikatazwa pasipo kingine kuwekwa mahali pake, inahamia gizani. Mnunuzi anajilipa kwa hatari ya kukamatwa kwa kushusha bei zaidi, na mkulima aliyepunjwa hana pa kushtaki. Magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda yametufundisha kwamba mpaka mrefu una njia nyingi kuliko askari.

Mkopo wa Januari kwa dhamana ya kahawa, kupitia AMCOS, unaelekea kwenye shida yenyewe. Gharama yake ni kwamba mkopaji anaweza kuchukua kwa chama na kuuza kwa mwingine, na madeni yalikwisha kuangusha vyama huko nyuma. Unafaa uanze kidogo, kiasi cha sare na nauli tu, kwa wanachama wanaojuana na kudhaminiana kama wanavyofanya katika vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA. Tujue pia kwamba faida hupungua wengi wakingoja pamoja. Bungoma, palipokuwa na wakopaji wengi, tofauti ya bei kati ya mavuno na njaa ilipungua. Hiyo ni nafuu kwa kijiji na hasara kidogo kwa mkopaji.

Njia ya tatu imejaribiwa Busia, Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikuta wakulima wengi waliokusudia kununua mbolea wakiwa hawana fedha msimu unapofika. Walipofuatwa mara tu baada ya mavuno, wakalipia wakati huo na kuahidiwa kuletewa mbolea bila nauli, matumizi yaliongezeka kwa asilimia 47 hadi 70, zaidi ya kushusha bei ya mbolea kwa nusu baadaye. Kwa Muleba na Bukoba maana yake ni kwamba siku ya malipo ya Julai, kabla fedha haijagawanyika, mkulima apewe nafasi ya kulipia kwa hiari sare na madaftari ya Januari. Ubaya wake uko wazi: fedha iliyofungwa haimtibu mgonjwa wa Septemba. Ndiyo maana iwe hiari, na isiwe yote.

Njia hizi mbili za mwisho zinasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni chama kulipa siku kilichosema. Hapo ndipo ninapoweka uzito kuliko pengine pote. Mfuko mtupu unaeleza kwa nini fedha inatakiwa Januari. Ubongo unaeleza kwa nini mia ya leo inaonekana kubwa kuliko mia tatu ya mbali. Lakini umbali huo haukuumbwa na mkulima. Kila malipo yaliyochelewa yameurefusha, na kila malipo ya wakati yataufupisha, bila semina hata moja ya kubadili fikra.

Kwa viongozi wa AMCOS, vyama vikuu na halmashauri za Bukoba na Muleba: tangazeni tarehe ya malipo kwa maandishi ukutani, mlipe siku hiyo, na mkichelewa mkulima aongezewe riba kama benki ingemtoza yeye. Kiasi cha mkopo wa shule kitajwe mapema, kabla ya Krismasi, maana mnunuzi wa butura hubisha hodi Januari.